Masizi, aksoloti mweusi chini ya ngazi

Kila jioni kabla sijavaa sare ya kazi, nachuchumaa mbele ya tangi la kioo lililo chini ya ngazi na kuanza kumtafuta Masizi. Huwa inachukua muda. Sakafu ya tangi ni mchanga mwembamba wa rangi ya kahawia, kuna chungu nilichokilaza ubavu, kuna majani ya majini yasiyohitaji mwanga mwingi, na mwenyewe ni mweusi kama kitako cha sufuria iliyozoea kuni. Kinachomfichua kwanza ni matamvua. Neno hilo tunalo kwa nyuzi zinazoning'inia kwenye pindo la kikoi, na tunalo pia kwa kiungo anachopumulia samaki. Kwa mnyama huyu maana zote mbili zimekaa mahali pamoja. Ana mashada sita, matatu kila upande wa kichwa, yamechomoza nje kabisa, na mara kwa mara anayakung'uta kwa nyuma kama mtu anayerusha mtandio begani. Akikung'uta, namwona. Nikishamwona, naweza kwenda kazini.

Masizi ni aksoloti, aina ya salamanda. Kwa ambaye hajawahi kumwona: ni jamaa wa chura mwenye mkia, miguu minne mifupi, kichwa kipana na mdomo uliokwenda hadi karibu na shingo. Salamanda wengi huanza maisha kama viluwiluwi majini, kisha matamvua hunywea, wakatoka kuishi nchi kavu. Aksoloti hatoki. Anakua, anakomaa, anazaa na anazeeka akiwa na umbo lile lile la kiluwiluwi. Mapafu anayo, ndiyo maana usiku mara mojamoja namsikia akipanda juu, anameza funda la hewa, anashuka tena taratibu. Akitunzwa vizuri anaishi miaka 10 hadi 15. Na kwao ni sehemu moja tu duniani, yaani maziwa na mifereji ya kusini mwa Mexico City, Xochimilco na jirani yake Chalco. Chalco lilikaushwa. Imebaki Xochimilco.

Sikuwahi kupanga kufuga. Mimi ni mtu wa Mwanza, naishi Leicester, nafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mwaka 2021 mchezo wa Minecraft uliwaingiza aksoloti ndani yake, na mwanangu, wakati huo ana miaka 8, hakuwa na wimbo mwingine. Alitaka wa pinki. Mwezi wa kumi tukaenda duka la wanyama, na kweli walikuwepo wa pinki kadhaa kwenye tangi la mbele, watoto wamejazana kwenye kioo. Mimi nikavutwa na kibakuli cha plastiki kilichowekwa pembeni. Ndani kulikuwa na kimoja cheusi, urefu wa kidole changu cha kati, mguu wa mbele wa kulia umeishia kwenye kifundo. Muuzaji alisema wenzake wamemng'ata, wakiwa wadogo wana tabia hiyo, kila kinachopita mbele ya mdomo wanakidhania ni chakula.

Nikasimama pale nikakumbuka kamongo. Waliokulia kando ya Ziwa Victoria wanamjua, yule samaki mrefu mwenye mapafu anayeweza kukaa kwenye tope ziwa likirudi nyuma. Watoto wa kamongo huzaliwa na matamvua ya nje, manyoya manyoya kando ya kichwa. Niliwaona nikiwa mdogo kwenye matete ya Ukerewe, kwa babu, tulipokuwa tunachokoa matope kutafuta chambo. Sikuwa nimewafikiria kwa miaka thelathini. Na sasa huyu hapa, amevaa matamvua yale yale, ameongezewa miguu. Nikamwambia mwanangu, "Tunamchukua huyu." Akanuna hadi kwenye basi. Jina alimpa yeye mwenyewe kesho yake asubuhi, baada ya kuniona nasugua sufuria.

Weusi wa Masizi ulinichukua muda kuuelewa. Nilidhani mweusi ni mweusi. Baadaye nikajifunza kumwangalia jicho, kwa mwanga hafifu wa simu na kwa sekunde chache tu, kwa sababu aksoloti hawana kope za kufumba na mwanga mkali unawasumbua. Aksoloti wa rangi ya asili, yule wa mifereji, ana pete ya dhahabu kuzunguka mboni, na mwili wake hauna weusi mtupu: ni rangi ya tope la kinamasi, kijani iliyoungua kidogo, madoa meusi, na chembe za kung'aa kama vumbi la shaba. Masizi hana pete. Jicho lake ni tone la wino. Wafugaji wanamwita melanoidi: amezaliwa bila zile seli zinazong'aa, na zenye rangi nyeusi amezidishiwa. Kwa hiyo naye ni wa kufugwa, weusi wake umehifadhiwa na watu waliouchagua kizazi baada ya kizazi.

Hao wa pinki wana historia yao, na inaanza na meli. Mwaka 1864 aksoloti 34 walisafirishwa wakiwa hai kutoka Mexico hadi Paris, wakati jeshi la Ufaransa likiwa Mexico. Karibu wote walikuwa wa rangi ya giza. Kati yao alikuwemo mweupe, rangi ambayo dukani tunaiita ya pinki. Sita walifika kwa mtaalamu wa wanyama Auguste Duméril, na mwaka uliofuata wakataga. Duméril akawalea watoto, halafu siku moja akakuta baadhi yao wamebadilika: matamvua yamepotea, mapezi ya mkia yamepotea, wamekuwa salamanda wa nchi kavu. Watu wa sayansi walishangaa, maana walikuwa bado wanabishana kama huyu ni mnyama mzima au kiluwiluwi. Kizazi cha wale wa Paris kilisambazwa kwenye maabara za Ulaya na baadaye kwingine, na weupe wanaojaza maduka leo, ukifuata ukoo wao nyuma, unarudi kwenye ile shehena. Tunapomwona wa pinki tunadhani ndiye aksoloti, na mweusi ni toleo la pembeni. Mambo ni kinyume. Tope la Xochimilco lilitengeneza mnyama asiyeonekana. Sisi ndio tuliotaka wa kuonekana.

Sasa niseme kosa langu, kwa sababu wengi wanaoanza wanalifanya hili hili. Dukani waliniambia jaza tangi maji, tia dawa ya kuondoa klorini, acha lilale usiku mmoja, weka mnyama. Nikafanya hivyo. Siku ya nne Masizi aligoma kula. Ncha ya mkia ilikuwa imejikunja kama ndoano, na matamvua yamejipinda kuelekea mbele. Nilinunua chupa ndogo za kupimia maji, zile za matone. Unachota maji kwenye kichupa cha kioo, unadondosha, unatikisa, unasubiri. Yakibaki ya njano, hakuna amonia. Yangu yaligeuka kijani kibichi mbele ya macho yangu.

Ni hivi. Uchafu wa mnyama na mabaki ya chakula hutoa amonia, na amonia humchoma mnyama mwenye ngozi laini na matamvua yaliyo wazi. Ziwani au mtoni kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo si kali hivyo na mimea huitumia. Kwenye tangi jipya bakteria hao hawapo. Inabidi uwakuze kwanza ndani ya filta, na kuwakuza kunachukua wiki nyingi, mara nyingi mwezi mmoja hadi miwili, kwa kutia amonia kidogo kidogo kabla mnyama hajaingia na kupima hadi uone inaliwa yote ndani ya siku moja. Mimi nilikuwa nimemtia kiumbe kwenye nyumba isiyo na choo.

Nilimhamishia kwenye beseni la plastiki jeupe lenye mfuniko uliotobolewa. Kwa wiki saba nilibadilisha maji yote kila siku. Nilikuwa natoka kazini saa moja na nusu asubuhi, nafika nyumbani miguu imevimba, na kabla ya kulala natayarisha beseni la pili: maji ya bomba, matone ya kuondoa klorini, kipimajoto hadi yalingane na ya kwanza. Halafu namhamisha kwa mikono iliyolowa. Ukimbeba aksoloti mdogo unaona hana uzito wowote. Ni kama kushika ute wa bamia wenye mapigo ya moyo.

Ni kwenye beseni lile nilipouona mkono ukiota. Kama angekuwa kwenye tangi kwenye mchanga wa kahawia ningeukosa, lakini juu ya plastiki nyeupe kila kitu kilikuwa wazi. Wiki ya kwanza kifundo kilifunga tu, kikawa mviringo, bila kovu. Kisha ncha ikavimba kidogo, uvimbe mwororo wenye rangi hafifu kuliko mkono wenyewe, unaopitisha mwanga. Uvimbe ukarefuka, ukabapa kama kijiko. Asubuhi moja kwenye ukingo wa kijiko kulikuwa na mbonyeo, na mbonyeo ule ulikuwa mwanzo wa vidole viwili. Siku kadhaa baadaye cha tatu. Cha nne kilichelewa, kikatokea upande wa nje, kidogo kama punje ya ufuta. Aksoloti ana vidole vinne mbele na vitano nyuma, kwa hiyo nilijua hesabu imetimia. Weusi ndio ulifika mwisho, ukashuka kutoka kwenye bega kama chai inavyopanda kwenye kitambaa. Nilimwamsha mwanangu kabla ya shule aje aone. Tangu siku hiyo hajataja wa pinki.

Kazini nimehudumia watu waliokatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Sina uwezo wa kuutazama mkono ule kama maonyesho. Wanasayansi wanajua kwamba seli zilizo karibu na jeraha hurudi nyuma kwenye hali ya ujana, zinakusanyika chini ya ngozi mpya, na zinakumbuka ziko wapi mwilini, kwamba hapa ni kifundo na si bega, kwa hiyo zinajenga kilichopotea tu. Aksoloti anaweza kurudisha mguu, mkia pamoja na uti wa mgongo ndani yake, hata sehemu za moyo na za ubongo. Mwaka 2018 vinasaba vyake vilisomwa vyote, herufi bilioni 32, mara kumi ya vyetu. Kusoma ni jambo moja; kufanya kama yeye bado.

Chakula chake kikuu ni nyungunyungu. Nawachimba mwenyewe kwenye kona ya bustani ambapo hakuna mtu anayepulizia dawa, nawaosha, nawakata vipande. Masizi hatafuni. Ananusa, anageuza kichwa polepole, halafu mdomo unafunguka ghafla na nyungunyungu anatoweka pamoja na maji yaliyomzunguka. Kwa sababu hiyo usiweke kokoto ndogo kwenye tangi la aksoloti, hata kama zinapendeza: atazivuta pamoja na chakula na zitamziba tumbo. Mchanga mwembamba kabisa unapita. Mawe makubwa kuliko kichwa chake hayaingii. Vya katikati ndivyo vinavyoua.

Na joto. Hapa ndipo nawajibu kwa pamoja wote wanaoniandikia kutoka Dar na Mombasa wakiuliza kama wanaweza kumfuga. Xochimilco iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Maji yake ni ya baridi. Aksoloti anataka nyuzi joto 16 hadi 18, anavumilia hadi 20, na yakipita 24 anaanza kuumwa. Maji ya bomba ya Dar mwezi wa pili yamepita hapo kabla hujayatia kwenye tangi. Utahitaji mashine ya kupoza maji inayofanya kazi usiku na mchana, na umeme usiokatika, kwa miaka kumi na zaidi. Maoni yangu ni kwamba umwache. Hata nchi zenye baridi hazimkubali zote kwa usawa; Marekani, kwa mfano, jimbo la California linakataza kumfuga, kwa hofu ya kuwadhuru salamanda wa huko akiachiliwa au akitoroka.

Julai 2022 nilipata kipimo changu. Uingereza ilitangaza onyo jekundu la joto kali kwa mara ya kwanza, na Leicester ilikuwa ndani ya onyo hilo. Tarehe 19 kituo cha Coningsby, Lincolnshire, kilipima nyuzi 40.3. Nyumba za huku zimejengwa zibanie joto ndani, na kufikia jioni ya tarehe 18 kipimajoto cha tangi kilisoma 23. Nilikuwa na chupa za maji zilizoganda, naziingiza moja moja na kuzitoa, maana joto likishuka ghafla nalo ni mateso. Lakini kilichotuokoa kilikuwa ni kitu nilichokijua tangu utoto. Bibi alikuwa na mtungi wa udongo kwenye kona ya nyumba yenye upepo, umekaa juu ya mafiga, na maji yake yalikuwa ya baridi mchana kutwa bila barafu, kwa sababu mtungi unatoka jasho na upepo unalichukua jasho pamoja na joto. Nilifunua tangi, nikafunga wavu juu, nikaweka feni ndogo mbili zinapuliza uso wa maji. Maji yalipungua vidole viwili kufikia asubuhi, na joto likashuka hadi 20. Nikayaongeza, feni zikaendelea. Nililala sakafuni kando ya tangi siku mbili, na mwanangu akawa anapokea zamu ya kusoma kipimajoto. Masizi alikaa ndani ya chungu, matamvua yamelala, akikataa chakula. Tarehe 21 alitoka na kula kipande cha nyungunyungu kutoka kwenye kibano. Nililia, sina haja ya kuficha.

Mwezi huo ndipo nilipoanza kusoma kwa bidii kuhusu Xochimilco, na nikakutana na jambo ambalo lilinikosesha usingizi.

Waazteki na watu waliowatangulia walijenga mashamba ndani ya ziwa, vitalu virefu vya tope na majani vilivyoshikiliwa na mizizi ya miti, vinavyoitwa chinampa, na kati ya kitalu na kitalu mfereji wa maji safi. Aksoloti aliishi kwenye mifereji hiyo. Aliliwa, alitumiwa kama dawa, na alipewa jina la mungu Xolotl, aliyekimbia kuchinjwa kwa kujigeuza mara hiki, mara kile, hadi mwisho akajificha majini kwa umbo hili na huko wakamkamata. Mwanzoni mwa karne ya 20 chemchemi za Xochimilco zilipelekwa mjini kwa mabomba, na baadaye mifereji ikawa inalishwa maji taka yaliyosafishwa. Hata hapo aksoloti alivumilia. Kisha, miaka ya 1970 na 1980, samaki wakapandikizwa ili watu wapate kitoweo. Mmoja alikuwa karpi, anayefukua sakafu ya mfereji na kung'oa majani ambayo aksoloti hutagia. Wa pili anakula mayai na watoto wake. Huyo wa pili ni sato, yaani tilapia.

Watafiti wa chuo kikuu cha taifa cha Mexico, UNAM, wamekuwa wakihesabu. Mwaka 1998 walikadiria aksoloti 6,000 kwa kilomita moja ya mraba. Mwaka 2014 walikuwa 36. Tangu 2021 picha yake iko kwenye noti ya peso 50. Kuna watu wengi Mexico City waliomshika kwenye pochi ambao hawatauona mfereji hata mmoja ulio naye. Wakati huo huo, kwenye matangi ya maabara na ya watu kama mimi duniani kote, wamejaa.

Baba yangu aliuza samaki mwaloni Kirumba maisha yake yote ya kazi. Nilimpigia Jumapili.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Huyo kamongo wako mzima?"

Nikamwambia mzima, kisha nikamweleza habari ya Xochimilco. Nilipofika kwenye sato akanikatiza. "Sato gani?"

"Sato huyu huyu, Baba. Wa Nile."

"Amefikaje huko?"

"Serikali ilimpeleka. Watu wapate kitoweo."

Alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Kama alivyoletwa hapa."

Nilikuwa nimesahau, au sikuwahi kujua vizuri, kwamba sato tunayemla Mwanza na kumwita samaki wetu naye aliletwa ziwani miaka ya 1950, na ngege wa asili akafifia mbele yake. Katika miaka hiyo hiyo aliletwa sangara, samaki mkubwa anayekula wenzake. Kufikia miaka ya 1980 sangara alikuwa amelijaa ziwa, na furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa letu, walikuwa wanatoweka. Baba alizaliwa Ukerewe. Alinisimulia furu waliokuwa wanavuliwa na watoto kwa ndoano ya pini iliyopindwa, wa njano, wa bluu, wenye tumbo jekundu, wakaanikwa juu ya mawe na kuliwa mzima mzima na ugali. "Wote tulikuwa tunawaita furu tu," alisema. "Hatukujua ni wengi." Wataalamu walipohesabu walikuta aina mamia, ambazo nyingi hazikuwa na jina bado, na hesabu yenyewe ilifanyika wakati sangara anakula.

Baba hakumlaumu sangara, na mimi siwezi. Minofu ya sangara ndiyo iliyoezeka nyumba yetu bati na kunilipia shule hadi nikafika huku. Nadhani kuna binti Xochimilco ambaye baba yake alimlisha kwa sato.

Aliuliza wanafanya nini sasa. Nikamwambia kwanza walijaribu kuwavua sato na karpi kwa wingi. "Na nyavu zikachukua na watoto wa huyo wako," alisema, kama mtu aliyeona kokoro likiburutwa. "Wazibe mfereji." Ndicho wanachofanya. UNAM na wakulima wa chinampa wanafunga baadhi ya mifereji kwa vizuizi vya wavu, mawe na mimea vinavyopitisha maji na kuyachuja lakini havipitishi samaki, na mkulima analima bila dawa za viwandani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulieleza aksoloti 18 waliozaliwa kwenye matangi, wakafungwa vifaa vidogo vya redio, wakaachiliwa sehemu mbili: kwenye maji yaliyotengenezwa hivyo Xochimilco, na kwenye kinamasi kingine kilichotokana na kazi ya watu. Waliishi. Waliokamatwa tena walikuwa wameongezeka uzito, maana yake walikuwa wanawinda, kazi ambayo hakuna aliyewafundisha.

Masizi hatakuwa mmoja wao, na asidhani mtu kwamba kufuga kwangu kunaokoa mfereji wowote. Ukoo wake umekaa kwenye vioo kwa miaka zaidi ya 150, umechanganywa maabara na hata salamanda wa aina nyingine. Wanaorudishwa ni wa ukoo mwingine. Ninachoweza ni kumtunza huyu, kutomzalisha bila sababu, na kuchangia kidogo kwa wale wakulima kila mwaka ifikapo mwezi wa kumi, siku aliyokuja.

Kabla hatujakata simu siku ile Baba aliuliza jambo ambalo sikulitarajia. "Na furu? Kuna mtu anaye sebuleni?"

Ilinichukua wiki kadhaa. Wapo. Watu wa Ulaya na Marekani, na bustani kadhaa za wanyama, wanafuga furu wa Ziwa Victoria, na baadhi ya aina zimebaki kwenye matangi hayo. Kupitia kikundi cha wafugaji nilimpata mzee mmoja, mwendo wa saa moja na nusu kwa treni kutoka kwangu, mwenye matangi kumi na mawili kwenye gereji. Alinikaribisha chai, akaniongoza hadi tangi la tatu. Nikampigia Baba kwa video, nikageuza kamera.

Alikuwepo dume mmoja juu ya jiwe, mgongo mwekundu kama pilipili, ubavu wa njano wenye mistari myeusi. Jina lake la kisayansi limebeba jina la Mwalimu, nyererei, na kwao ni kwenye mawe ya visiwa vya ghuba ya Mwanza. Baba aliisogeza simu usoni hadi nikawa naona jicho lake moja tu na nusu ya paji la uso.

"Sogeza," alisema. "Sogeza tena. Asitikisike."

Nikaushikilia mkono kwa mkono mwingine. Furu akaja hadi kwenye kioo, akasimama, akafungua mdomo na kuufunga.

"Anakula nini huyo?" Baba akauliza.